Mama Emérance ainua kitambaa, Kataki yapigwa butwaa

Saa tatu asubuhi. Ukelele unatoka ndani ya nyumba ya mabati nyuma ya soko la Kataki, hapa Kalemie, na wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wanaacha meza zao. Mama mmoja anakimbia na mwiko wa ugali mkononi. Kijana wa pikipiki anaitupa pikipiki yake chini bila hata kuizima. Kila mmoja ana hakika kwamba mwizi amepatikana.

Mlango unasukumwa. Mwizi hayupo. Yupo Mama Emérance Mbuyu peke yake, amepanda juu ya benchi kama mtu aliyeona nyoka, na kidole chake kimeelekea kwenye televisheni.

"Ni Dokta!" anapiga kelele. "Yesu wangu, ni Dokta Rubens njo anaua watu!"

Kicheko kilichokuwa kinaanza mlangoni kinakatika. Mwenye mwiko, Mama Mado, anausogelea ukuta na kuuegemea. Anauliza kwa sauti ndogo, "Dokta Rubens gani, Mama? Dokta wetu?"

"Wetu."

"Hapana."

"Mado, nimemuona na macho yangu haya. Ametoa chekecheke usoni. Ni ye."

Mwandishi wa makala haya alikuwa mlangoni akisubiri mahojiano. Alikuja kuandika habari nyingine kabisa, jinsi simu za mkononi zilivyoua kumbi za video katika mji huu. Daftari lilikuwa mkononi, kalamu ilikuwa tayari, na hakuandika neno hata moja. Aliwatazama watu wazima, watu waliopita vita na njaa, wakitetemeka kwa sababu ya sinema ya zamani, akadhani wanamchezea.

Hawakuwa wanamchezea.

Kwa msomaji asiye wa Kataki, mambo haya yanahitaji maelezo, kuanzia hiyo "njo", ambayo hapa ni "ndiye" au "ndiyo". Chekecheke ni jina ambalo mtaa huu uliupa mfululizo wa sinema za kutisha kutoka ng'ambo. Humo mna kijiji cha baridi chenye miti mirefu, na mna mtu anayevaa kinyago cha waya na kuwaua watu mmoja baada ya mwingine kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Kinyago kile kinafanana sana na chekecheke la unga wa muhogo, basi jina likakaa. Jina lake halisi liko kwa Kiingereza, na karatasi ya kwenye kaseti ililiwa na mende siku nyingi. Ndiyo maana hakuna kijana aliyewahi kuitafuta kwenye simu. Angetafuta nini?

Sinema hizo ziliingia Kalemie moja moja, zikivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma katika mizigo ya wafanyabiashara. Za kwanza zilikuwa kaseti, za baadaye zikawa DVD. Mwaka mwingine ilifika moja, mwaka mwingine haikufika hata moja. Mtaa ulizisubiri kama watu wanavyosubiri barua ya ndugu.

Na ndani yake alikuwamo Dokta Rubens. Mzee wa nywele za kijivu, mwenye mfuko wa ngozi na koti refu. Chekecheke akishapita na kuacha maafa, dokta ndiye aliyefika. Alishona majeraha, alishika mikono ya walionusurika, alisema maneno ya kutuliza moyo. Mtaa ulimpenda mpaka ukawapa watoto jina lake. Leo ukisimama katikati ya soko la Kataki ukaita "Rubens!", watageuka wauza mafuta, waendesha pikipiki na golikipa wa timu ya mtaa. Mama Mado, aliyezaa msichana, hakutaka kubaki nyuma. Binti yake anaitwa Rubensine.

Lakini Rubens wa kwanza kabisa alizaliwa ndani ya nyumba hii ya mabati, ambayo ni ukumbi wa video. Ni mtoto wa pekee wa Mama Emérance na mumewe, Papa Gaspard. Sokoni hapa hakuna anayemwita mama huyu kwa jina lake. Anaitwa Mama Rubens.

"Umesikia sasa?" anamwambia mwandishi, akishuka kwenye benchi kwa shida. "Miaka yote naitwa, naitikia. Mama Rubens, karibu. Mama Rubens, samaki. Kumbe ninaitwa mama ya muuaji!"

Swali linalokuja haraka ni hili: mwanamke aliyefanya kazi miaka ishirini kando ya televisheni ileile, anashangaaje leo yaliyomo ndani yake?

Jibu limetundikwa pale pale, juu ya televisheni. Ni kitenge cha zamani, rangi zake zimepauka, kimeshonwa kwenye fimbo na kufungwa kamba. Kamba ikiachiliwa, kitambaa kinashuka na kufunika kioo chote.

Mama Emérance alizaliwa upande wa Nyunzu. Vita vilimleta Kalemie kwa miguu, yeye na watu wachache wa nyumba yao. Waliobaki nyuma hapendi kuwahesabu. Alipoolewa na Papa Gaspard, mfanyakazi wa reli ambaye mshahara ulikuwa umemsahau, walinunua televisheni na kufungua ukumbi. Siku ya kwanza ya Chekecheke, mkasi ulipoinuliwa, Mama Emérance alivua kitenge alichojitanda akakitupa juu ya kioo mbele ya watu wote.

"Damu niliona ya kweli," anasema. "Ya télé sikuwa na haja nayo."

Watu hawakupiga kelele. Walishusha pumzi. Wengi wao walikuwa wametoka kulekule, Nyunzu, Kabalo, Manono, na vichwani mwao mlikuwa na picha za kutosha. Katekista wa mtaa, Papa Basile, aliyekuwa amekuja kuufunga ukumbi kwa jina la parokia, alitamka kwamba kitambaa kikiendelea, ukumbi nao uendelee. Tangu hapo ikawa sheria. Kataki damu haionyeshwi. Inasikika tu.

Hivyo ndivyo Mama Emérance alivyopata kazi yake. Alikaa kando ya televisheni, mgongo kwa kioo, kamba mkononi, macho kwa mumewe. Papa Gaspard ndiye aliyekuwa mfasiri. Alisimama nyuma ya mabenchi na kuisema sinema yote kwa Kiswahili, wanaume, wanawake, mbwa na mvua. Alikuwa ameitazama peke yake kabla ya siku, kwa hiyo alijua mahali pa kufunika. Akiinua mkono, mkewe anaachilia kamba. Akiushusha, anavuta.

"Mimi sikuwa naangalia filme. Nilikuwa naangalia watu," anasema Mama Emérance. "Sura zao njo zilinionyesha. Wakikunja uso, najua Chekecheke amefika. Wakitabasamu, najua Dokta ameingia na mufuko wake."

Siku nzuri ukumbi ulichukua watu themanini kwa faranga mia mbili kila mmoja, na wengine walichungulia kwenye matundu ya mabati bila kulipa. Mwaka jana zilipita wiki ambazo mteja pekee alikuwa mbuzi wa jirani. Simu zilikuwa zimekwisha kuwachukua vijana. Halafu ugonjwa wa koo ukamnyang'anya Papa Gaspard sauti. Madaktari waliokoa maisha yake. Sauti iliyokuwa ikisikika hadi ng'ambo ya soko haikurudi. Leo ananong'ona, na ili umsikie ni lazima uweke sikio mdomoni mwake.

Ukumbi ukafungwa. Lakini mwaka huu wale waliokuwa watoto enzi hizo, sasa wana watoto wao, walianza kumsumbua mama huyu sokoni. Turudishie Chekecheke, Mama Rubens. Yote, tangu ya kwanza. Akakubali. Mfasiri atakuwa yeye mwenyewe, kwa kuwa maneno ya mumewe anayajua kwa moyo. Na mfasiri, kama mumewe alivyokuwa akifanya, lazima atangulie kutazama.

Basi alizitazama, moja kila asubuhi, umeme wa bwawa la Bendera ukiwapo. Kwa mara ya kwanza maishani aliketi mbele ya kioo, na kitambaa kikiwa juu.

Siku za mwanzo alicheka. Ile damu aliyoiogopa miaka yote ilikuwa nzito na nyekundu kama mawese, na mkono uliokatwa ulidunda sakafuni kama mpira. "Nilisema, kumbe njo hii? Njo hii nilikuwa nafunika?" Alianza kufurahia. Alitazama ya pili, ya tatu, ya sita. Dokta alikuwa mzuri kama sura za watu zilivyomwonyesha.

Ya saba ndiyo iliyompandisha kwenye benchi.

Katika ya saba, karibu na mwisho, Chekecheke anainua mikono na kuvua kinyago. Chini ya waya kuna nywele za kijivu. Ni mzee yule wa mfuko wa ngozi. Mkono mmoja umeshika mkasi, mwingine unafuta jasho taratibu, kama mtu aliyetoka shambani. Mwandishi ameonyeshwa tukio hilo mara mbili kwa ombi lake mwenyewe, na anakiri kwamba mara ya pili mwili ulimsisimka zaidi kuliko ya kwanza.

Mtaa mzima unakumbuka mwisho mwingine. Waulize. Watakuambia Chekecheke alikuwa mchoma makaa fulani kutoka mbali, na kwamba dokta alipigana naye gizani, nyuma ya kitambaa, akajeruhiwa bega. Wanakumbuka hata kilio chake.

Mama Emérance hakungoja. Alichukua DVD ya nane, ya tisa na ya kumi, akazitazama mfululizo huku Mama Mado amemshika mkono. Mahali ambapo Papa Gaspard alisema askari wanamvalisha dokta saa ya zawadi, askari walikuwa wanamtia pingu. Mahali ambapo dokta alijitolea kwenda kuwatibu wafungwa, alikuwa mfungwa. Na yule mama mzungu aliyemlilia mlangoni, ambaye Papa Gaspard alisema anamshukuru, alikuwa anamtemea mate.

"Alitudanganya na macho yetu wazi!" alisema Mama Mado. "Niliona pingu, nikaona saa!"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Papa Gaspard imekuwa ndefu kuliko reli ya Kabalo.

Wakamkuta uani kwake, ameketi kwenye kiti cha kamba akichambua maharage. Mwandishi alifuata nyuma, na hana aibu kusema hivyo. Hata ungekuwa wewe ungefuata. Mama Emérance alisimama mbele ya mumewe, mikono kiunoni. Machozi yalitangulia.

"Papa Rubens. Ya saba. Ulijua?"

Mzee aliacha maharage. Alimtazama mkewe, akamtazama mgeni, akamtazama Mama Mado na mwiko wake. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Ukaacha mutoto wetu aitwe jina la muuaji?"

Aliomba kwa mkono asogelewe. Mkewe akainama, kwa hasira, akaweka sikio. Alichokinong'ona mzee, Mama Emérance alikirudia kwa sauti sentensi baada ya sentensi, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Miaka ishirini ya kufanya kazi pamoja haifutiki kwa siku moja.

Alisema kwamba mtoto alipopewa jina, walikuwa na sehemu mbili tu, na dokta alikuwa mtu mwema katika zote mbili. Ya saba ilifika mtoto akiwa ameanza shule. Papa Gaspard aliitazama peke yake mchana, kama desturi yake, na kinyago kilipovuliwa alihisi viti vimezunguka. Alitaka kuivunja ile DVD. Lakini mtaa ulikuwa umekwisha kujua kwamba imefika.

"Mutoto alikuwa pale chini ya meza," alinong'ona. "Anashona ndizi na uzi wa mama yake. Ananiambia, Papa, muangalie mugonjwa wangu, amepona. Nikamwangalia ye. Nikaangalia télé. Nikamuchagua ye."

Mama Emérance aliinua sikio lake. Halafu akasema jambo ambalo mwandishi hakulitegemea.

"Basi ungeniambia mimi. Kamba ilikuwa katika mukono wangu. Huo uongo, wewe uliusema, lakini mimi njo niliufunika."

Akaingia ndani. Siku hiyo Papa Gaspard alipika maharage yake mwenyewe.

Kufikia jioni Kataki yote ilikuwa na habari. Akina mama wa akina Rubens walikuja mmoja mmoja, wengine wakicheka, wengine hawacheki hata kidogo. Mmoja alitaka kujua kama jina linaweza kubadilishwa kanisani. Papa Basile, aliyewabatiza wote, aliketi kwenye ngazi ya ukumbi na kofia mikononi. Alikuwa amepigwa butwaa kuliko wote.

"Nilimuuliza Gaspard, hili jina ni la mutakatifu gani? Akaniambia, ni la muganga mwema, Papa katekista. Nikamwaga maji. Mara ngapi nimemwaga maji juu ya hilo jina!"

Na Rubens mwenyewe alikuwa njiani. Kijana huyo anamaliza masomo ya uuguzi Kongolo, na alikuwa anakuja likizo kwa treni ili kuona ukumbi wa wazazi wake ukifunguliwa tena. Hapo ndipo mwandishi alipoelewa ukubwa wa jambo. Kijana alichagua kazi yake kwa sababu ya jina. Tangu utotoni, kila aliyemwona alimwambia: wewe ni dokta, tutibu. Wazazi walimlipia minerval, yaani karo, kwa faranga za ukumbi huu huu.

"Hapa kwetu jina linamufuata muntu," alisema Mama Emérance. "Akijua, atashika sindano namna gani? Atamuingia mugonjwa namna gani, na watu wanamuita Chekecheke?"

Alishuka stesheni siku ya Ijumaa. Kabla hajavuka barabara, watoto wa mtaa walimwona na kupiga kelele, "Chekecheke! Chekecheke!" Aliwapungia mkono akicheka. Alidhani wanafurahia sinema. Mama yake, aliyekwenda kumpokea, aliubeba mfuko wake hadi nyumbani.

"Nilimupa ugali, nikamupa samaki," anasema. "Nikashindwa kumupa habari."

Kulikuwa na njia rahisi. Angeonyesha ya saba kama zamani, kitambaa kishuke, mchoma makaa apigwe, yaishe. Lakini mtaa ulikuwa umekwisha kusikia, na Mama Mado alitangaza sokoni kwamba hatalipa faranga kuangalia uongo mara ya pili. Mama Emérance aliamua kuanza na ya saba yenyewe, Jumamosi saa nane mchana. "Wakitaka kuona, waone. Mimi nimechoka kufunika."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakaa juu ya mabega. Waliokosa nafasi walirudi kwenye matundu yao ya zamani ya mabati, ingawa sasa wana vitambi na hawainami vizuri. Papa Gaspard aliwekewa kiti chake nyuma ya mabenchi. Rubens, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa ya utulivu, alikaa mbele kabisa.

Mama Emérance alishika kipaza sauti kwa mkono mmoja, kamba kwa mwingine. Sauti yake ilikimbia mwanzoni. Baadaye ilitulia, na watu wakacheka mahali pa kucheka. Kisha ukaja muziki ule ambao kila mtu wa Kataki anaujua, na nyuma ya ukumbi, kwa mazoea ya miaka yote, mkono wa Papa Gaspard ukainuka.

Mkewe aliuona. Kila mtu aliona kwamba ameuona. Vidole vyake vilibana kamba na havikuiachilia.

Kinyago kikavuliwa.

Mwandishi amehudhuria mikutano ya siasa, misiba na fainali za mpira. Hajawahi kusikia kimya kama kile. Dokta Rubens aliwatazama watu wa Kataki kutoka kwenye kioo, mkasi mkononi, na kuanza kusema maneno yake marefu ya Kiingereza. Wazee walishika vichwa. Mtoto mmoja alilia. Rubensine, binti wa Mama Mado, alifunika uso kwa mikono miwili.

Rubens alisimama. Alikitazama kioo kwa muda, halafu akageuka akatoka nje, na mabenchi yakampisha. Mama yake alibaki na kipaza sauti kinachokoroma. Hakusema, hakufunika, na dokta kwenye kioo aliendelea kusema peke yake.

"Funika, Mama!" mtu aliomba. "Funika tu!"

Alikuwa bado ameduwaa wakati Rubens aliporudi. Hakwenda mbele. Alikwenda nyuma kwa baba yake, akachuchumaa.

"Papa, hapa Dokta anasema nini?"

Papa Gaspard alinong'ona. Kijana alikunja uso, kama mtu aliyesikia vibaya, akaweka sikio tena. Kisha akaugeukia ukumbi.

"Papa anasema hajui."

"Hajui namna gani?" Papa Basile aliinuka. "Si anajua Kiingereza?"

Mnong'ono mwingine. Rubens aliugeukia tena ukumbi.

"Anasema Kiingereza hajawahi kujua. Hata neno moja."

Hapo paa la mabati lilitaka kuruka. Watu waliopokea kisa cha vinyago na pingu kwa kimya walipiga kelele kwa hili. Miaka ishirini! Sehemu kumi! Watu walioachana na kurudiana ndani ya kijiji kile, mahubiri ya padri wa kule, ushauri wa dokta kwa wajane, utani wa mbwa! Mama Emérance aliweka kipaza sauti chini akaketi sakafuni. Hata hili alikuwa halijui. Aliolewa na mtu huyu, akamzalia, akamfulia, akiamini kwamba ana mume anayejua Kiingereza.

"Na 'Shika mukono kwanza, dawa baadaye'?" Rubens aliuliza. Alikuwa haangalii tena mtu mwingine. "Papa, ile maneno ya Dokta. Mimi nawaambia wagonjwa kila siku kule Kongolo. Niliwafundisha hata wenzangu wa staji hospitalini. Ile ni ya nani?"

Mzee alijipiga kifuani polepole, kwa kidole kimoja. Hilo halikuhitaji mfasiri.

Kijana alibaki amechuchumaa. Mabega yake yalitikisika, na kutoka mbele haikuwezekana kujua kama analia au anacheka. Alipoinua uso ilikuwa vyote viwili.

"Mama," akasema. "Teremusha kitambaa."

Aliachilia kamba. Kitenge kikashuka juu ya mzee wa mkasi, kikamfunika kichwa, koti na maneno yake. Rubens akavuta benchi, akaketi, akaweka sikio lake mdomoni mwa baba yake, na kuanza kusema sinema. Alisema kwamba yule aliyevua kinyago ni mtu aliyeiba sura ya dokta. Dokta mwenyewe yuko njiani, amechelewa kwa sababu ya mgonjwa mwingine, lakini sasa mnasikia viatu vyake mlangoni. Watu walivisikia. Mwandishi pia alivisikia.

Sinema ilipokwisha, Mama Mado alipita kwa Papa Gaspard akampiga begani kwa nguvu kidogo kuliko ilivyolazimu. "Muongo mukubwa," alimwambia. "Ya nane ni lini?" Papa Basile alivaa kofia yake na kusema, kwa yeyote aliyetaka kusikia, kwamba inaonekana maji yale hayakumwagika bure.

Jumapili, baada ya misa, Mama Emérance alimpokea mwandishi uani. Alikuwa anachekecha unga. Hajamsamehe mumewe, alisema, na aliomba hilo liandikwe. Lakini alikuwa amemkaangia samaki.

Kando yake, juu ya kinu kilichopinduliwa, kulikuwa na DVD katika nailoni isiyofunguliwa. Ni Chekecheke ya kumi na moja. Ilivuka ziwa miaka mingi iliyopita, na Papa Gaspard hakuthubutu hata kuifungua. Hakuna mtu Kataki aliyejua kwamba ipo.

Mpango wa mama huyu ni huu. Rubens atarudi Noeli akiwa na diploma yake. Siku hiyo watawasha ya kumi na moja, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona. Baba atanong'ona, mwana atasema, na kitambaa kitakuwa chini tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwandishi alishtuka tena, kwa mara ambayo ameshindwa kuihesabu. Watu watalipa kuangalia kitambaa?

"Watalipa," alisema Mama Emérance, na kukung'uta chekecheke lake. "Wewe ukikuya Noeli, kaa mbele, karibu na kitambaa. Pale njo Dokta anaonekana vizuri."